Kibali Kwanza, Fedha Baadaye: Kuchagua Silaha za Kwanza za Mchezo wa Shabaha wa Kauboi

Somo hili linamhusu mlaji anayekusudia kununua silaha ya kwanza kwa ajili ya mchezo wa kulenga shabaha, hususan ule uitwao shabaha ya kauboi, ambao Watanzania wengi wameufahamu kwa kuutazama katika simu na televisheni. Tumeliandika tukiwafikiria zaidi wakazi wa Pugu na maeneo mengine ya pembezoni mwa Dar es Salaam, kama vile Gongo la Mboto, Chanika na Mbagala. Huko nyumba zimesogeleana, watoto hucheza uani, na yule anayetaka silaha kwa ajili ya mchezo huishi ukuta kwa ukuta na jirani asiyeitaka kabisa.

Bunduki si bidhaa kama pasi au friji. Mlaji akikosea kuchagua friji, hasara huishia jikoni na mfukoni. Akikosea kuchagua bunduki, au akiinunua kabla ya wakati wake, anaweza kupoteza fedha, uhuru wake, au uhai wa mtu wa nyumbani mwake. Kwa sababu hiyo somo lote limejengwa juu ya kanuni moja: fedha isitangulie kibali. Kila hatua tunayoieleza hapa chini inaifafanua kanuni hiyo.

Madhumuni ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, mlaji ataweza: kueleza seti ya silaha za mchezo huu na kazi ya kila moja, kupanga ununuzi kwa utaratibu unaolinda fedha zake, kuikagua silaha dukani kabla ya kulipa, na kuihifadhi nyumbani bila kuhatarisha familia na majirani.

1. Mchezo wenyewe na seti yake

Mchezo wa shabaha wa kauboi ulizaliwa California, nchini Marekani. Chama chake kikuu, Single Action Shooting Society, kiliundwa mwaka 1987. Wachezaji huvaa mavazi ya wachunga ng'ombe wa Marekani ya karne ya 19, na kila mwanachama hujichagulia jina la mchezoni ambalo mwingine haruhusiwi kulitumia. Mlengaji hupigania muda: hupita katika vituo, hupiga shabaha za chuma zilizopangwa, na kwa kila shabaha anayoikosa huongezewa sekunde 5 katika muda wake.

Silaha zake ni za mitindo ya kale, ama zenyewe ama nakala zake zilizoundwa siku hizi. Seti kamili ina silaha nne:

Kwanza na pili ni rivolva mbili, yaani bastola zenye silinda inayozunguka. Katika rivolva za aina hii mlengaji huivuta nyundo kwa kidole gumba kabla ya kila risasi. Mfano wake maarufu ni ile ya Colt ya mwaka 1873.

Tatu ni bunduki ya wenzo. Mlengaji husukuma na kuvuta wenzo ulio chini ya kifyatulio ili kutoa ganda la risasi lililotumika na kuingiza risasi mpya. Winchester ya mwaka 1873 ndiyo inayotajwa zaidi. Kwa mchezo huu bunduki hiyo hutumia risasi za aina ya bastola, si risasi nzito za kuwindia.

Nne ni bunduki ya marisau, ambayo kwa kawaida huwa na mitutu miwili iliyolala sambamba, na hufunguliwa kwa kukunjwa katikati.

Mlaji anayeisoma orodha hii anaweza kudhani kwamba kuingia mchezoni ni kununua vitu vinne kwa mkupuo, kama mtu anayenunua seti ya sufuria. Hata huko mchezo ulikozaliwa, mgeni hushauriwa kwanza ahudhurie, atazame, na apige kwa silaha za kuazima chini ya usimamizi, ndipo aamue kununua. Kwetu sababu za kufanya taratibu ni nyingi zaidi, kwa kuwa mchezo huu haujazoeleka nchini na kila silaha huhitaji idhini yake.

2. Mlango wa kwanza ni sheria

Umiliki wa silaha na raia nchini Tanzania unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991. Msingi wake ni kwamba raia hana silaha bila leseni, na leseni hutolewa kwa mtu fulani na kwa silaha fulani. Kuwa na leseni ya bunduki ya marisau hakukupi ruhusa ya kununua rivolva. Leseni ya baba si leseni ya mwana.

Safari ya mwombaji huanzia karibu na nyumbani. Serikali ya Mtaa ndiyo inayomfahamu kama mkazi na kama jirani. Kutoka hapo maombi hupanda kwenye kata, kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, na kwenye kamati za ulinzi na usalama, kabla ya kufika kwa wenye mamlaka ya kutoa leseni. Mwombaji huulizwa sababu ya kutaka silaha, mwenendo wake, na mahali atakapoihifadhi. Kupendezwa na sinema ni mwanzo wa hamu, lakini si sababu ya kutosha kuandikwa katika ombi. Anayetaka silaha kwa ajili ya michezo ajiandae kuonyesha ni mchezo gani, unachezwa wapi, na chini ya chama kipi.

Ushauri wetu ni huu: kabla ya kuzuru duka lolote, fika katika ofisi ya Mkuu wa Polisi wa Wilaya unakoishi, ueleze nia yako kwa ukweli, na uulize mambo matano. Ni aina gani ya silaha inayoweza kuombewa leseni kwa ajili ya michezo? Ni mafunzo na vielelezo gani vinavyotakiwa? Ni ada gani rasmi, na hulipwa kwa njia gani? Ni kiasi gani cha risasi kinachoruhusiwa kununuliwa na kuhifadhiwa? Ni wapi panaporuhusiwa kufyatuliwa silaha hiyo? Yaandike majibu katika daftari pamoja na tarehe. Majibu hayo ndiyo yatakayokuongoza utakapofika dukani.

Tunatoa pia tahadhari juu ya silaha za urithi. Kwa kuwa mchezo wa kauboi hupenda silaha za kale, huenda mtu akakumbuka gobore la babu lililofichwa darini kule kijijini na kuliona kuwa njia ya mkato isiyo na gharama. Gobore lisilo na leseni ni silaha haramu hata kama lina kutu, na mtutu wake mkongwe unaweza kupasuka usoni mwa anayelifyatua. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba wa kila mwaka, hadi mwaka 2030, kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu kwa hiari, na serikali yetu imewahi kutangaza vipindi vya msamaha wa namna hiyo. Mwenye gobore asilipakie kwenye daladala kulipeleka mjini. Aende kituo cha polisi mikono mitupu na aulize utaratibu wa kulisalimisha.

3. Fedha isitangulie kibali

Hapa ndipo walaji wengi huweza kuumizwa. Chukua mfano wa mfanyabiashara wa ng'ombe katika mnada wa Pugu. Msimu umekwenda vizuri, ana fedha mkononi, na anavutiwa na mchezo huu. Mtu mmoja anamwambia kwamba bunduki nzuri imepatikana, bei imeshuka, na wanunuzi wengine wako njiani, hivyo atangulize nusu ya bei ili awekewe. Mfanyabiashara analipa. Miezi inapita, maombi yake ya leseni yanarudishwa kwa kukosa vielelezo, na muuzaji anadai kwamba malipo ya awali hayarudishwi. Mfanyabiashara huyo amepoteza fedha zake bila kupata silaha. Na kama angekuwa ameichukua silaha hiyo nyumbani huku akisubiri leseni, angekuwa ametenda kosa la jinai.

Mlaji ajihadhari na mambo haya manne:

Malipo ya awali yasiyo na masharti. Ikiwa muuzaji mwenye leseni anataka kiasi fulani ili akuwekee silaha, yawekwe maandishi yanayosema wazi kwamba fedha zote zitarudishwa iwapo leseni haitatolewa, na katika muda gani. Muuzaji akikataa kuandika, usilipe.

Mtu wa kati anayeahidi kibali cha haraka. Hakuna duka wala dalali anayeuza leseni. Anayekuomba fedha za "kuharakisha" anakuingiza katika rushwa, na ukinyang'anywa fedha hizo hutakuwa na mahali pa kulalamika bila kujishtaki mwenyewe.

Silaha inayouzwa mkononi. Mtu binafsi mwenye silaha halali hawezi kukukabidhi kwa kupeana mikono na fedha taslimu chini ya mwembe. Uhamisho wa umiliki hupitia polisi. Silaha isiyo na namba, au ambayo namba yake imefutwa kwa tupa, iache hapohapo. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu udhibiti wa silaha ndogo na nyepesi, na kuwekewa alama ndiyo njia ya kuijua silaha ilikotoka. Anayefuta namba anaficha jambo.

Klabu isiyosajiliwa. Mtu anaweza kuanzisha kundi, akakusanya ada za uanachama na kuahidi uwanja, silaha za kuazima na hata leseni. Vyama vya michezo nchini husajiliwa kupitia Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Omba kuonyeshwa cheti cha usajili kabla ya kulipa ada. Kumbuka pia kwamba usajili wa klabu hauondoi wajibu wa kila mwanachama kuwa na leseni ya silaha yake.

4. Uwanja kabla ya silaha

Mlaji ajiulize: nikishaipata silaha hii, nitaipiga wapi? Risasi ya bastola ikikosa shabaha inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja. Pima kilomita moja kutoka uani mwako Pugu, uhesabu nyumba, shule, misikiti na makanisa yaliyomo. Hakuna ukuta wa matofali ya saruji wala uzio wa michongoma unaogeuza ua kuwa uwanja wa shabaha. Misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi nayo si uwanja wa mazoezi. Ni hifadhi, na ndani yake hupita watafiti, wageni na wakazi.

Uwanja halali una kingo za udongo za kusimamisha risasi, msimamizi mwenye amri ya mwisho, na kanuni zilizoandikwa. Katika mchezo wa kauboi kuna meza ya kujazia silaha na meza nyingine ya kuzitoa risasi, na hakuna anayetembea na silaha iliyojazwa nje ya eneo la meza hizo na kituo chake. Miwani ya kukinga macho na vikinga masikio ni lazima, hata kwa watazamaji, kwa sababu shabaha za chuma hurusha vipande vya risasi.

Kulenga shabaha si jambo geni kwetu. Michezo ya majeshi yetu chini ya BAMMATA huwa na mashindano ya shabaha, na nchini Kenya uwanja wa Kirigiti katika Kaunti ya Kiambu umekuwa ukitumiwa kwa mashindano ya bastola ya raia wenye leseni. Anayepata nafasi ya kuyashuhudia mashindano ya namna hiyo aende kama mtazamaji, bila silaha. Siku moja ya kutazama humfundisha mtu kama mchezo huu unamfaa, kabla hajatumia hata shilingi moja kwa ajili ya mtutu. Ikiwa hujapata uwanja halali unaoweza kuufikia na kuumudu, ununuzi wako haujafikia wakati wake.

5. Silaha ipi itangulie?

Mlaji aliyekwisha kupata majibu ya polisi, mafunzo na uwanja anaweza sasa kuuliza ni silaha ipi kati ya zile nne ianze. Jibu letu ni bunduki ya marisau ya mitutu miwili, kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni usalama. Bunduki hii ikikunjwa, mtu yeyote aliye karibu huona kwa macho kama mitutu ina risasi au ni mitupu. Rivolva haionyeshi ukweli huo kwa urahisi hivyo, na kwa ufupi wake hugeuka upesi kumwelekea mwenyewe au jirani yake. Sababu ya pili ni matumizi. Bunduki ya marisau hutumika pia katika michezo mingine ya shabaha, kama ule wa kupiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, kwa hiyo mlaji hatabaki na silaha isiyo na kazi iwapo mchezo wa kauboi hautapata mizizi karibu naye. Sababu ya tatu ni ufundi. Mitambo yake ni michache, na hitilafu zake nyingi huonekana mapema.

Katika kuichagua, zingatia geji, urefu wa chemba, na kimo chako.

Geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na namba ikiwa kubwa mtutu huwa mwembamba. Geji 12 ndiyo iliyoenea zaidi; geji 20 ni nyembamba na nyepesi. Usiweke risasi za geji mbili katika nyumba moja. Risasi ya geji 20 ikitumbukizwa kwa makosa katika mtutu wa geji 12 huteleza na kukwama mbele ya chemba. Mtu akidhani mtutu ni mtupu, akaweka risasi nyingine nyuma yake na kufyatua, mtutu hupasuka.

Chemba ni mahali risasi inapokaa. Bunduki za zamani nyingi zina chemba ya milimita 65, ilhali risasi nyingi za sasa ni za milimita 70. Risasi ndefu huingia katika chemba fupi, lakini ganda lake hukosa nafasi ya kufunguka, na shinikizo hupanda kupita kiasi. Soma kipimo kilichochongwa kwenye mtutu, na ulinganishe na maandishi ya kwenye boksi la risasi.

Kimo hupimwa hivi. Silaha ikiwa tupu na imethibitishwa kuwa tupu, weka kitako kwenye kiwiko kilichokunjwa. Kidole cha shahada kiweze kufika penye kifyatulio bila kujinyoosha. Kitako kirefu humpiga mlengaji begani na kumyumbisha, na kitako kifupi humgonga pua kwa kidole gumba chake mwenyewe. Usikubali kuambiwa kwamba utazoea.

Ikiwa baadaye utaruhusiwa kuongeza bunduki ya wenzo na rivolva, chagua zote za kipimo kimoja cha risasi, kwa mfano .38 au .45, ili ununue na kuhifadhi aina moja tu. Jifunze pia mambo mawili ambayo si wauzaji wote huyaeleza. Katika rivolva za mtindo wa kale, ambazo kwa kawaida zina vyumba sita, wachezaji hujaza risasi tano tu na kuiacha nyundo ikae juu ya chumba kitupu, kwa kuwa silaha ikianguka nyundo inaweza kugonga fataki ya risasi. Na katika bunduki ya wenzo risasi hupangwa mstari mmoja ndani ya bomba, ncha ya moja ikigusa fataki ya iliyo mbele yake. Kwa hiyo hutumika risasi zenye ncha bapa, kamwe si zenye ncha kali.

6. Hesabu ya risasi

Mlaji huuliza bei ya silaha na kusahau bei ya kuitumia. Tufanye hesabu ya mchezo wa kauboi. Katika kituo kimoja mlengaji hupiga kwa kawaida risasi 10 za rivolva, 10 za bunduki ya wenzo, na zisizopungua mbili za marisau, tuseme 4. Jumla ni 24. Mashindano ya vituo 6 humaliza risasi 144: yaani 120 za rivolva na bunduki ya wenzo, na 24 za marisau. Akifanya mazoezi ya kiasi hicho mara mbili kabla ya mashindano, ametumia risasi 432.

Chukua bei ya risasi moja uliyopewa dukani, uizidishe kwa hesabu hiyo, kisha uizidishe kwa idadi ya mashindano unayoyatarajia kwa mwaka. Linganisha jawabu na bei ya bunduki yenyewe, na pia na kiasi cha risasi unachoruhusiwa na leseni yako. Huenda ukaona kwamba unaweza kuinunua bunduki lakini huwezi kuilisha. Ni heri jambo hilo lijulikane mezani, kwa kalamu, kuliko kujulikana baada ya ng'ombe wawili kuuzwa.

Ongeza katika hesabu hiyo ada za leseni, mafunzo, kasha la chuma, miwani, vikinga masikio, vifaa vya kusafishia na nauli ya kwenda uwanjani. Vitu hivi vipatikane kabla ya silaha. Ikiwa bajeti yako inatosha silaha peke yake, haitoshi.

7. Kukagua silaha dukani

Nunua kwa muuzaji mwenye leseni ya biashara ya silaha pekee, na omba kuiona. Silaha iliyotumika si mbaya kwa sababu ya umri wake tu, lakini ikaguliwe. Kabla ya lolote, muuzaji aifungue mbele yako, nanyi wawili mthibitishe kwa macho kwamba ni tupu. Kisha:

Linganisha namba iliyochongwa kwenye silaha na namba iliyo katika nyaraka, tarakimu kwa tarakimu. Angalia ndani ya mtutu ukielekezwa penye mwanga: kuta ziwe laini, zisiwe na vishimo vya kutu wala uvimbe. Pitisha kidole nje ya mtutu kuhisi mbonyeo. Ifunge bunduki ya mitutu miwili na uitikise kidogo. Mitutu isicheze kwenye bawaba. Kwa rivolva, vuta nyundo taratibu. Silinda ijifunge barabara kila chumba kinapofika mahali pake. Tazama kitako kama kina ufa, hasa pale mbao inapokutana na chuma. Mwisho, uliza ni fundi gani aliyeidhinishwa atakayeihudumia ikiharibika, na kama vipuri vyake vinapatikana.

Muuzaji anayekasirika kwa kukaguliwa bidhaa yake amekwisha kukujibu.

8. Silaha ikishafika nyumbani

Wakazi wa pande hizi hawahitaji kuelezwa kwa kirefu nini hutokea risasi zinapohifadhiwa vibaya. Milipuko ya Mbagala ya tarehe 29 Aprili 2009 na ile ya Gongo la Mboto ya tarehe 16 Februari 2011 ilitoka katika maghala ya jeshi, na iliwaua raia na kuwahamisha maelfu makwao. Boksi la risasi za marisau si ghala la mabomu, lakini baruti haipendi joto wala uzembe mahali popote. Usiweke risasi darini chini ya bati, jikoni, wala ndani ya gari linaloshinda juani. Unyevu wa pwani nao huozesha risasi na kutia mtutu kutu. Futa silaha kwa mafuta yake kila baada ya matumizi.

Silaha ikae katika kasha la chuma lililofungwa kwa boliti ukutani au sakafuni, ikiwa tupu. Risasi zikae mahali pengine, chini ya kufuli lake. Ufunguo usitundikwe mlangoni wala kuwekwa chini ya godoro, kwa kuwa hakuna mtoto asiyejua kilicho chini ya godoro la wazazi wake. Usijitape mtaani kwamba una silaha. Mwizi huenda anakosikia.

Kila anayeishika azifuate kanuni nne bila kujali uzoefu wake: ichukulie kila silaha kana kwamba imejazwa, usiuelekeze mtutu kwa kitu usichotaka kukiharibu, weka kidole nje ya kifyatulio hadi uwe umelenga, jua shabaha yako na kilicho nyuma yake.

Silaha ikipotea au kuibwa, toa taarifa polisi bila kukawia. Na familia ifahamu mapema kwamba silaha hairithiwi kama shamba: mmiliki akifariki, walioachwa watoe taarifa polisi na kufuata maelekezo, badala ya kuifungia sandukuni wakingoja arobaini iishe.

9. Haki zako kama mlaji

Uzito wa sheria ya silaha haukuondolei haki za mnunuzi wa kawaida. Dai risiti ya mashine ya EFD yenye kiasi halisi ulicholipa, na hakikisha aina ya silaha na namba yake zimeandikwa katika hati ya mauzo. Kwa mujibu wa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, bidhaa inayouzwa kwa maelezo yatakiwa ilingane na maelezo hayo. Na mnunuzi akimweleza muuzaji matumizi anayoyakusudia na kuutegemea utaalamu wake, bidhaa yatakiwa ifae kwa matumizi hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kwa maneno au matangazo.

Kwa hiyo mweleze muuzaji kwa maandishi kwamba unanunua kwa ajili ya michezo ya shabaha. Ikiwa umeuziwa silaha ya zamani kama mpya, au ya chemba fupi kwa madai kwamba hupiga risasi zote, acha kuitumia, tunza nyaraka, mwandikie muuzaji, na asiporekebisha wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani. Usiibebe silaha mwenyewe kuirudisha dukani bila kwanza kuuliza polisi utaratibu wa kuisafirisha. Panapokuwa na dalili ya kosa la jinai, kama namba iliyofutwa au nyaraka za kughushi, mahali pa kwanza ni polisi.

Maswali ya kujipima

1. Je, nimefika kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya na kuandika majibu ya maswali yale matano?

2. Je, naujua uwanja halali nitakaoutumia, na nimewahi kuutembelea?

3. Je, watu wa nyumbani mwangu wamekubali silaha iwemo, na kasha la chuma limekwisha kufungwa ukutani?

4. Je, bajeti yangu imehesabu risasi, mafunzo na ada kwa mwaka mzima?

5. Je, leseni ya silaha hii, si ya nyingine, iko mkononi mwangu?

Ikiwa jibu la swali lolote ni "hapana," fedha zako zibaki benki hadi jibu libadilike. Na ikiwa utakapofika swali la tatu mwenzi wako atasema hataki silaha ndani ya nyumba, lizungumzeni kwa uzito uleule mnaoupa ununuzi wa kiwanja. Mchezo huu unaweza kufurahiwa pia na mtazamaji asiyemiliki hata risasi moja, naye hahitaji leseni.